Siku Baba Alipokuja Kunichukua Kazini

Mtu wa kwanza kuniuliza ninataka mshahara kiasi gani alikuwa meneja wa hoteli moja ya Mji Mkongwe, na mimi nikamjibu, "Utakachojaaliwa." Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nimevaa buibui la kuazima, na vyeti vyangu vya ufundi wa mitandao ya kompyuta nimevibana kwapani ndani ya bahasha ya kaki. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati hoteli za mjini zilipoanza kuona haya kumwambia mgeni kwamba intaneti hakuna. Jibu lile sikulitunga mimi. Nilitumwa nalo kutoka nyumbani, kama mtoto anavyotumwa dukani na fedha zimefungwa kwenye pembe ya leso.

Aliyenituma ni Baba. Baba alikuwa fundi wa simu tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na kisiwa chote alikijua kwa nguzo. Ukimuuliza kwa fulani ni wapi, atakwambia ni nguzo ya tatu baada ya mkunazi. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye kuchechemea mguu wa kushoto kwa sababu aliwahi kuanguka kutoka kwenye nguzo huko Mangapwani. Mvua ilikuwa imenyesha, nguzo imerowa, na yeye alipanda na viatu vyake vya kila siku ambavyo soli zake zilikuwa zimeshalika zikawa laini kama kiganja. Alilazwa wiki tano. Aliporudi kazini alipewa pole na kikombe cha chai. Kisa hiki Baba alikuwa akikihadithia huku akicheka, na Mama alikuwa akikisikiliza bila ya kucheka hata kidogo.

Siku moja kabla ya usaili Baba alinikalisha kitako sebuleni akanipa mafunzo.

"Wakikuuliza mshahara, usitaje. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayetaja bei mwenyewe ndo mwenye njaa."

"Na wakinipa kidogo?"

"Hawatokupa kidogo. Mtu mstaarabu ukimwambia utakachojaaliwa, huona haya."

Kisha akanihadithia kwa mara ya mia jinsi yeye alivyoanza. "Mie nalianza kwa shilingi mia tatu na themanini. Sikuuliza wala sikuulizwa. Nikaambiwa tia sahihi hapa, nikatia." Alilisema hilo kwa fahari, kama kwamba kutoulizwa ni cheo.

Nami nilimwamini, kwa sababu kwetu Unguja ndivyo mambo yanavyokwenda. Ukikaribishwa chakula unasema nshakula, hata kama tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni. Mwenyeji anakukaribisha tena, unashukuru tena. Mara ya tatu anakushika mkono, ndipo unapoinuka ukanawa. Bibi anayeshona kofia ukimuuliza bei atakwambia "tutaelewana", na mwisho mnaelewana kweli, na yeye ndiye anayetoka na faida. Kila mtu anaujua mchezo, na kila mtu anajua zamu yake ya kusema.

Basi nikasema utakachojaaliwa, nikainamisha macho, nikangojea niulizwe mara ya pili. Meneja alikuwa kijana mmoja wa bara, mwenye heshima zake, ambaye alikuwa hajatimiza hata miezi miwili Unguja. Kwao, nadhani, mtu akisema ameshiba sahani inaondolewa. Akatabasamu akasema, "Vizuri, hilo linarahisisha mambo," akachukua kalamu, akaandika elfu sabini kwa mwezi.

Nikatia sahihi. Mkono wangu ulitia sahihi kabla ya akili yangu kufika.

Nyumbani nilisema nimepata kazi, Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Baba hakuniuliza ni ngapi. Kwake yeye kumuuliza mtu mshahara wake, hata awe mwanao, ni sawa na kwenda jikoni kwa watu ukafunua chungu.

Kazi yenyewe niliipenda tangu siku ya kwanza, na nasema hivi kwa dhati, maana hasira zangu ni za karibu na watu hudhani sipendi kitu. Hoteli ilikuwa nyumba ya zamani ya tajiri mmoja, ghorofa tatu, kuta za mawe na chokaa nene kuliko urefu wa mkono wangu. Kupitisha waya kutoka chumba hadi chumba ilikuwa ni vita. Ukitoboa, unakutana na jiwe. Ukihama kidogo, unakutana na chokaa laini inayomwagika kama unga, na tundu linakuwa pango. Nilijifunza kuzifuata njia za maji za zamani, na matundu yaliyoachwa na watu wa umeme, na panya. Nilipanda ngazi ya mbao iliyokosa kidato kimoja, buibui nimelifunga kiunoni, na wafagiaji wakinishangilia kutoka chini kana kwamba nakwea mnazi.

Waya zote zilikwenda kuishia kwenye chumba kidogo chini ya ngazi kuu. Humo mlikuwa na swichi, kisanduku chenye matundu ishirini na nne, na kila tundu nimelipangia chumba chake au ofisi yake, ili mgeni asijikute ndani ya kompyuta za ofisi. Tatizo ni kwamba waya zenyewe zilikuwa zote za rangi moja, kijivu, na vibandiko vya namba nilivyovibandika vilibanduka kwa joto na chumvi kabla ya mwezi kuisha. Nikarudi nyumbani nimenuna. Baba akaniuliza kulikoni, nikamweleza.

"Nenda Darajani kanunue uzi," akasema. "Rangi tatu. Na mshumaa mmoja."

Jioni ile alikaa chini kwenye mkeka, mguu wake mbovu ameunyoosha, akanionyesha walivyokuwa wakifanya wao kwenye nyumba ya simu. Uzi unaupitisha kwenye nta ya mshumaa mpaka unakuwa mkavu na mgumu. Kisha unaufunga kwenye waya. Rangi ndiyo ghorofa, na idadi ya mafundo ndiyo chumba. Nyekundu mafundo manne, ghorofa ya kwanza chumba cha nne. Hata gizani, akasema, kidole kinasoma. Tulifanyia mazoezi kwenye kamba za viatu vyake mpaka Mama akatuuliza kama leo hatuli.

Nikafunga waya zote ishirini na nne kwa mtindo huo, na fungu lenyewe nikalifunga kwa uzi mweupe kutoka juu hadi chini, fundo kila upana wa vidole viwili. Hakuna aliyenisifu. Mgeni haoni waya, anaona barua pepe zake zimefika. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, lakini hawakusema kwamba aliyeunda atapewa ngapi.

Mwezi wa saba niliandikiwa na shoga yangu niliyesoma naye Dar es Salaam. Tulikaa dawati moja, na mitihani alikuwa akinakilia kwangu, namsamehe. Yeye alikuwa amepata kazi kama yangu hasa: waya, swichi, ngazi. Alipoulizwa mshahara alitaja laki mbili na nusu, na akapewa. Akaniandikia kwamba nafasi ya pili iko wazi, ameshanitaja, nije mwisho wa mwezi. Nikaisoma barua ile mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nilikokotoa, mara ya tatu nikataka kuvunja kitu.

Sasa lazima niseme jambo moja kuhusu kwetu. Tulizaliwa wawili tu. Kaka yangu alikuwa amekwenda Maskati miaka sita nyuma, kwa ndugu wa upande wa babu, akasema ni miaka miwili tu. Aliletwa na posta kila Idi, picha na fedha ndani ya bahasha, na watoto wake wawili tuliwajua kwa sura za kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyebaki. Nikiondoka na mimi, nyumba ile ya ghorofa mbili ingebaki na wazee wawili na simu.

Nilisema siku ya pili yake, baada ya chakula cha mchana, wakati Baba anakunywa kahawa.

"Nnakwenda Dar. Nimepata kazi huko."

Mama akaweka chini sufuria aliyokuwa ameishika. "Mmoja Maskati, mmoja Dar. Na sie tubakie na paka." Hata paka hatukuwa naye.

Baba akasema taratibu, "Mcheza kwao hutunzwa, mwanangu."

"Nimetunzwa elfu sabini, Baba."

Kikombe kikasita njiani. "Elfu sabini kwa wiki?"

"Kwa mwezi. Mwenzangu Dar anapewa laki mbili na nusu kwa kazi hiyo hiyo, na mie ndiye niliyekuwa nikimfundisha."

Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwema. Sikunyamaza. "Na ni weye uliyenambia nisitaje! Chema chajiuza! Yule kaniuliza mara moja, kaandika, kafunga daftari. Nimekaa miezi saba nangoja aniulize mara ya pili!"

Baba aliitazama kahawa yake, akaiweka chini bila kuimaliza, akainuka kwenda kusali alasiri kabla haijaadhiniwa. Nilimsikia akishuka ngazi, mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Asubuhi ya pili nikiwa kazini, mwanamke wa mapokezi alinifuata chini ya ngazi. Alikuwa mtu wa Mwanakwerekwe, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, mwenye maneno mengi na moyo mweupe.

"Baba yako yuko ukumbini," akasema. "Kavaa kama anakwenda kuposa. Kuna nini?"

Nikatoka mbio. Baba alikuwa amesimama mbele ya meza ya mapokezi, kanzu nyeupe, koti jeusi la Idi, kofia ya vito, na bakora ambayo kwa kawaida huikataa. Meneja alikuwa ameshatoka ofisini kumpokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumchukua mtoto wangu."

Meneja akashtuka. "Kuna msiba?"

"Hapana msiba, alhamdulillahi."

"Anaumwa?"

"Mzima, si huyo unamwona. Nimekuja kumchukua tu. Siku ukiwa na neno, kwetu utapaulizia."

Mwanamke wa mapokezi aliweka mkono mdomoni. Yeye alishaelewa, na mimi nilishaelewa, na laiti sakafu ingefunguka ningeingia. Kwetu, mke akiwekwa vibaya na mumewe, wazee wake hawaji na matusi wala hawaendi kwa kadhi siku ya kwanza. Baba yake huja na salamu zote, hunywa hata maji akipewa, kisha humchukua binti yake akarudi naye nyumbani. Huko hukaa. Ni juu ya mume, kama anamtaka mkewe, kuja na mtu wake na kukaa kitako waseme. Baba hakuijua njia nyingine ya kudai haki ya mtoto wa kike. Akaitumia ile aliyoijua, tena katikati ya ukumbi wa hoteli, mbele ya Wataliano wawili waliokuwa wakisubiri funguo.

Mimi nilikuwa na hasira za kumtosha kila mtu pale, lakini Baba aliniangalia na kusema, "Kabla hatujatoka, nionyeshe kazi yako."

Nikampeleka chini ya ngazi kuu, ambako ile ngazi yangu ya mbao ilikuwa imeegemezwa ukutani. Aliinama kwa tabu, akalishika lile fungu la waya, akatembeza kidole juu ya mafundo kama anavyohesabu tasbihi, bila kuangalia. Nyekundu, kijani, buluu. Kisha akasema, "Hili la nane umelikaza sana," akainuka, akapangusa goti. Machoni alikuwa na maji. Baba hakuwa mtu wa kusifu, na sijawahi kusifiwa vizuri kuliko siku ile.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele na bakora yake, mimi nyuma na begi la zana.

Mama alinipokea kama ilivyo desturi ya kumpokea mke aliyerudi kwao. Sikuruhusiwa kuosha hata kikombe. Nilipikiwa mkate wa kumimina, nikapakwa hina miguuni, na jirani akaleta bakuli la tambi akisema maskini, ataonekana mwingine. Nikimwambia Mama kwamba mimi sikuolewa na hoteli, alikuwa akijibu, "Kula kwanza." Mkoba wangu wa safari ulikuwa tayari uvunguni, mwisho wa mwezi umebaki siku kumi na mbili. Mama alikuwa akifagia chumba changu kila siku, na kila siku alikuwa akiuzunguka ule mkoba bila kuugusa.

Siku ya tano simu ililia. Simu yetu Baba alikuwa akiipangusa kila Ijumaa kwa kitambaa chake maalumu, na ikilia yeye ndiye anayeipokea. Akaisikiliza, akanipa. Alikuwa yule wa mapokezi.

"Mwenzangu, huku kumekucha," akasema. "Juzi radi imepiga, kile kisanduku chako kimeungua. Kaletwa fundi, kaja na kisanduku kipya, kachomoa waya zote kwa pamoja ndo akaanza kutazama. Sasa kila chumba kinalalamika. Anahesabu nyuzi tangu jana, anauliza haya mafundo ni dawa ya nini."

Nikacheka, kisha nikaona huruma. "N'nakuja sasa hivi."

"Ngoja kwanza. Meneja kaniuliza umekwenda likizo gani. Nikamwambia bwana, huyo hakwenda likizo, huyo karudi kwao. Kaniuliza maana yake, nikamweleza. Kasema, lakini mimi sikumwoa! Nikamwambia, ndo hivyo hivyo."

Nilipokata simu nilikuwa nimeshashika begi la zana. Baba akaniwekea mkono mlangoni.

"Baba, waya zimechomolewa zote. Ni dakika ishirini tu."

"Mke aliyerudi kwao harejei kwa sababu chungu kimeungua," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa nikiziona waya zangu kichwani, zimelala sakafuni zimechanganyika, na moyo ukiniuma kama nimeacha mtoto.

Meneja alikuja siku ya pili yake baada ya alasiri. Alikuja na yule mwanamke wa mapokezi kama mtu wake, na mkononi amebeba kikapu cha halua, na ilikuwa wazi kabisa nani aliyemwambia aibebe. Baba akampokea, akamkalisha kwenye kiti kizuri. Mimi na Mama tulikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, tukisikia kila neno. Walianza na hali, wakaenda kwenye mvua, wakafika kwenye bei ya samaki. Kahawa ikanywewa. Meneja alikuwa akipapasa mfuko wake wa shati wenye kalamu, maskini, hajui aanzie wapi. Hatimaye Baba akamwanzia.

"Mwanangu amekukosea adabu?"

"Hapana, mzee. Hata siku moja."

"Mvivu?"

"Hapana. Huyu hata Jumapili anakuja."

"Kazi yake mbovu?"

"Mzee, kazi yake hakuna mwingine anayeiweza. Ndiyo shida iliyonileta."

"Basi mbona ukamweka hivi?"

Meneja akasema kwa sauti ya chini, na nilimpenda kwa hilo, "Mzee, nilimuuliza anataka ngapi. Akasema chochote. Nikadhani anaridhika. Sikujua kwamba nilitakiwa kuuliza tena."

"Hukuambiwa," akasema Baba.

"Sikuambiwa. Sasa nauliza tena. Nakuuliza wewe, mzee, taja. Mnataka tumlipe kiasi gani?"

Mama alinishika mkono. Hili ndilo tulilokuwa tukilingojea, siku sita za mkate wa kumimina zilikuwa kwa ajili ya swali hili. Nilimwona Baba kupitia upenyo wa pazia. Alikuwa ameshika kikombe kitupu, anakizungusha, anakizungusha. Mtu aliyenichukua kazini mbele ya Wataliano, aliyemkalisha meneja na kumhoji kama mkwe, sasa jasho lilikuwa likimtoka chini ya kofia. Akakiweka kikombe, akasema, "Utakachojaaliwa."

Mama akanong'ona, "Lahaula."

Na yule kijana, wallahi, mkono wake ukaenda kwenye kalamu.

"Laki mbili na nusu!" nikasema. Sikusema, nilipiga ukelele, kutoka nyuma ya pazia. Mtoto wa kike kuwakata wazee kauli sebuleni ni jambo ambalo bibi yangu angeamka kaburini kulisikiliza. Wote wakageukia pazia.

"Laki mbili," akasema meneja akiliambia pazia. "Kwa sasa siwezi zaidi. Na chakula cha mchana."

"Laki mbili na ishirini. Na chakula. Na ngazi mpya."

"Ngazi?" akauliza meneja.

Hapo Baba akafufuka. Akakaa wima kwenye kiti. "Ile ngazi yako nimeiona, bwana. Ya mbao, haina kidato cha tano, na miguu yake haina mpira. Unampandisha mtoto wangu juu ya kitu kama kile? Nnataka ngazi ya alumini, yenye mpira chini, na leo hii, si kesho. Fedha mtasikilizana nyie wenyewe. Ngazi ni yangu mie, na hutoki hapa bila ya kunipa jawabu." Alikuwa akigonga bakora sakafuni. Sijawahi kumsikia Baba akidai kitu kabla ya siku ile, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani anayo.

Meneja akaandika ngazi kwanza, ndipo akaandika laki mbili na ishirini. Akaomba radhi kwa Baba, akaomba radhi kwa pazia. Nilitoka, nikaenda naye hotelini jioni ile ile, na mwanamke wa mapokezi akitembea kati yetu kama kungwi. Waya zilikuwa sakafuni kama nilivyoziota. Nilizimaliza kwa nusu saa, nyingi kwa kidole tu, wala sikuhitaji kuzitazama.

Niliporudi nyumbani, Mama aliniuliza swali moja. "Dar huendi?"

"Siendi."

Akauvuta ule mkoba kutoka uvunguni, akatoa nguo zangu moja moja, akaanza kuzikunja upya na kuzirudisha kabatini. Alikuwa akiimba.

Baba alikuwa sebuleni na halua iliyobaki. Nikakaa chini karibu na mguu wake. Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile, lakini kwetu radhi hazianzi moja kwa moja, basi nikamtania.

"Baba, nguzo zote hizo umepanda, na neno moja limekushinda kulishusha?"

Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Mie miaka yote ile nalikuwa nnayo jawabu yangu. Kila mwaka nikiitengeneza, nikisema safari hii wataniuliza. Hakuniuliza mtu. Leo yule kijana kaniuliza, nikaitafuta, nikaona imeshachakaa. Ya shilingi za zamani."

"Ilikuwa ngapi?"

"Mia nne."

"Si walikupa mia tatu na themanini?"

"Enhe. Nalitaka ishirini zaidi." Alichukua kipande cha halua, akakitazama. "Za viatu vya kupandia."

Alisema hivyo bila ya uchungu wowote, akakitia kile kipande mdomoni. Nikainuka nikamwambia nakwenda kuangalia maji ya chai. Jiko lilikuwa halijawashwa. Mama alinikuta nimesimama mbele ya jiko, akanifuta uso kwa pembe ya kanga yake, akanipa kibiriti, akaenda kukaa na Baba.